Fungulia Mbwa

Maneno haya niliyasema Jumapili mchana kwenye mkutano wa tawi letu la mashabiki hapa Arusha, chini ya mparachichi, watu wakiwa wameshakula pilau na wengine wameshaanza kusinzia. Katibu aliniomba niyaandike ili wasiokuwepo wayasome. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka. Nimeondoa kikohozi changu na ile sehemu niliyogombana na kijana wa nyuma kuhusu nani alimaliza nyama.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, habari za tangu asubuhi. Machalii, poa? Mwenyekiti ameniandikia dakika kumi kwenye karatasi yake, nimechungulia nikaona. Zinanitosha. Mtu wa getini anajua dakika kumi zinaweza kubeba nini.

Wengi wenu hamnijui kwa sura, mnaujua mkono wangu tu, ule unaochana tiketi. Huu ni msimu wa kumi na tisa nakaa geti la mzunguko, upande wa tiketi za bei ya chini, pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, kwa kujitolea, mechi zetu za nyumbani. Mpira wenyewe nauona kwa vipande, kupitia pengo lililopo kati ya ukuta na jukwaa. Naona winga anapita na mpira, kisha anapotea, halafu nasikia sauti zenu, ndipo najua kama amepiga krosi au ameanguka. Kwa hiyo msinitarajie nizungumzie ufundi. Nitazungumza ninachokijua, nacho ni watu wanaoingia na watu wanaotoka.

Ajenda namba tatu imeandikwa hivi: "Kukemea tabia ya mashabiki kutoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho." Chini yake kuna pendekezo kwamba geti la mzunguko lipigwe kufuli kuanzia dakika ya 75 mpaka mpira uishe. Sasa ndugu zangu, mwenye kufuli ni mimi. Nilimwambia katibu, kabla hamjalipitisha hilo, naomba nisikilizwe.

Kwanza nikubali kwamba tabia ipo, tena imekomaa. Mechi ya Jumamosi iliyopita tulikuwa nyuma mabao mawili kwa bila. Mpaka dakika ya 75 nilikuwa peke yangu kwenye kiti changu cha plastiki, natafuna karanga. Dakika ya 78 wakaanza. Huwa wanaanza wawili watatu, wanajifanya wanakwenda msalani. Kisha anatokea mmoja mwenye sauti kubwa, anasimama, anakung'uta suruali na kusema, "Twendeni bwana, hakuna timu hapa." Akishasema huyo, bomba limefunguka. Ndani ya dakika tano nusu ya mzunguko inapita mbele yangu, na karibu kila mmoja ananieleza kwa nini anatoka, wakati mimi sijamwuliza mtu. "Nina mgonjwa." "Gari nimeliacha pabaya." "Kesho naamka saa tisa." Mtu anayebaki mpaka mwisho hapiti akijieleza. Anayetoka mapema anajieleza mpaka kwa mchana tiketi.

Mchezaji akigeuza shingo anaona migongo yenu, na ana haki ya kuumia. Mimi naona nyuso. Nyuso hizo hazifanani hata kidogo, na nikisoma ajenda hii naona imeandikwa na mtu aliyeona migongo tu.

Kuna mzee mmoja, simtaji, anavaa koti la kijivu hata jua likiwaka. Huyu hutoka dakika ya 80 kila mechi, tukiwa tunaongoza au tumefungwa, mvua inyeshe isinyeshe. Misimu miwili nilimkejeli. "Shikamoo mzee, leo tena? Umeacha maharage jikoni?" Ananijibu, "Marahaba mwanangu," anapita. Siku moja filimbi imeshalia, watu wameshatawanyika, natoka kwenda kununua miwa, namkuta pale nje kwenye mkokoteni, amesimama na fimbo yake. Nikamwuliza, mzee, si ulishaondoka? Akasema, "Huwa siondoki. Nasikiliza." Akanikunjia suruali nione goti. Lilikuwa limevimba kama boga. Mwaka fulani watu walishuka ngazi kwa pamoja, wakamsukuma, akaviringika ngazi nne. Tangu siku ile anashuka wakati ngazi ziko tupu, anasimama nje ya ukuta, anamalizia mpira kwa masikio. Anasema sauti ya goli letu na sauti ya goli la kukoswa anazitofautisha kabla hazijaisha.

Niliona aibu, nikamnunulia muwa. Tangu siku ile nimeacha kumwuliza mtu anakwenda wapi.

Na hapa ndipo naanza kulikataa kufuli. Mzee yule hana woga wa bure. Tarehe 2 Januari 1971, kule Glasgow, Uskochi, kwenye uwanja wa Ibrox, watu 66 walikufa kwenye ngazi wakati wa kutoka, mechi ya Rangers na Celtic ikiwa inaisha. Celtic walikuwa wamefunga dakika za mwisho kabisa, Rangers wakasawazisha sekunde chache kabla ya filimbi. Kwa muda mrefu watu walisimulia kwamba waliokuwa wameshaanza kutoka walisikia kelele za bao wakageuka kurudi, wakagongana na wanaoshuka. Ni hadithi tamu kwa mtu anayetaka kuwalaumu wanaotoka mapema. Uchunguzi haukuikubali. Ulionyesha watu wote walikuwa wanaelekea upande mmoja, wanashuka, mtu akaanguka, wengine wakamwangukia. Ngazi na wingi wa watu ndivyo vilivyoua. Halafu tarehe 9 Mei 2001, Accra, Ghana, mechi ya Hearts of Oak na Asante Kotoko, fujo zikazuka jukwaani, mabomu ya machozi yakapigwa, watu wakakimbilia mageti wakayakuta yamefungwa. Walikufa 126. Mtu wa getini akishasikia habari hiyo, kufuli analitazama kwa jicho jingine. Mimi langu huwa nalining'iniza kwenye msumari muda wote watu wakiwa ndani, na funguo ziko shingoni kwangu. Mkipitisha pendekezo lile, mtafute mkono mwingine wa kufunga.

Haya, tuje kwa wenye nyuso nyingine.

Wapo wa mikeka. Msicheke, mnajijua. Huyu hakuja kutazama timu yetu, amekuja kuisindikiza tiketi yake ya kubeti. Ameweka mechi saba, yetu ni mojawapo, dakika ya 60 mkeka umeshachanika, anabaki amekaa kama mtu aliyefiwa na mtu asiyemjua. Anatoka na simu mkononi, hata hajui nani alifunga. Kwa huyo sina la kufanya, na sitaki kulifanya. Nafasi yake ina faida kubwa zaidi ikiwa tupu.

Lakini kundi kubwa kuliko yote, na hili naliomba uongozi ulisikie vizuri, ni la vibanda umiza, vile vya kulipia kutazama mpira wa Ulaya kwenye TV. Nimelihesabu kwa miaka na lina majira kama masika. Ligi ya Uingereza, mechi zao za Jumamosi za saa tisa alasiri kwa saa za kwao, kuanzia Agosti zinaanza hapa kwetu saa kumi na moja jioni. Ikifika Jumapili ya mwisho ya Oktoba wale wanarudisha saa zao nyuma, na kuanzia hapo mechi hizo hapa kwetu zinaanza saa kumi na mbili kamili. Sasa piga hesabu. Mpira wetu unaanza saa kumi. Ukiweka mapumziko na dakika za nyongeza, filimbi ya mwisho inalia saa kumi na mbili kasoro kidogo. Kibanda kizuri kinajaa kabla ya saa kumi na mbili, ukichelewa unasimama nyuma ya nguzo na mia tano yako umeshatoa. Kwa hiyo kuanzia Novemba mpaka mwisho wa Machi, chalii wa Ngarenaro au wa Kaloleni anaangalia saa ikifika kumi na moja na dakika arobaini, anasimama. Agosti na Septemba hafanyi hivyo, maana mechi ya Ulaya imeshaanza na nafasi ameshaikosa, au hakuja kwetu kabisa. Mnaweza kuhakikisha wenyewe kwa kukaa na mimi getini mechi mbili, moja ya Septemba na moja ya Desemba. Mkishaiona mtakubali kwamba mapenzi hayajapungua, watu wanagombania benchi la mbao.

Hilo halitibiwi kwa kukemea. Linatibiwa kwa kuandika barua. Bodi ya Ligi ndiyo inayopanga saa, nasi tuombe mechi zetu za Jumamosi za miezi hiyo ziangaliwe, zianze hata saa tisa na nusu. Nusu saa ile inatosha mtu kumaliza mpira wake wa nyumbani, akapita kununua mishikaki, akakaa kwenye benchi mbele kabisa. Wakikataa, wamekataa, lakini tutakuwa tumeomba kitu chenye akili.

Wa vifodi, hizi daladala zetu, nitawapitia haraka. Anayekaa Ngaramtoni, Usa River au kwa Mrombo anajua filimbi ikishalia watu wote wanamwagikia barabarani kwa wakati mmoja, makonda wanakatisha ruti, na safari ya gari moja inakuwa ya magari mawili kwa nauli mbili. Mwanafunzi na mama mwenye mtoto mgongoni wakitoka dakika ya 85 mimi nawasogezea njia. Nilisafiri na timu mara kadhaa kwenda Moshi, Uwanja wa Ushirika, tukiwa wageni, na mimi mwenyewe, mbele yenu nakiri, nilitoka mapema kwa sababu hiyohiyo: kuna kilomita kama themanini za kurudi na usiku hautaki mzaha barabara ile.

Sasa niwaeleze kilichonifanya niombe kusema leo. Nimezungumza juu ya wanaotoka. Kwa nini hakuna ajenda ya wanaoingia?

Maana dakika ileile, kwenye geti lilelile, kuna watu wanaingia. Ni saa ya fungulia mbwa. Sote tuliokulia mjini tunaijua: mpira umebakiza dakika kumi au kumi na tano, geti linaachwa wazi, asiyekuwa na kiingilio anapita bure. Nje pale huwa wamejipanga tangu saa kumi. Watoto wa shule na madaftari yao, bodaboda waliopaki pikipiki, wapiga debe wa stendi, machinga wenye mabegi ya soksi. Wamekaa saa moja na nusu ukutani wakisikiliza kelele zenu, wanabishana nani amefunga. Wanangoja dakika kumi zilezile ambazo nyinyi mnazitupa. Na mnapishana nao mabega. Anayetoka amelipa na amekasirika. Anayeingia hajalipa, na anakimbia.

Jumamosi ile alikuwepo chalii mmoja muuza mayai ya kuchemsha, ana ndoo nyeupe, kikopo cha chumvi na kachumbari kwenye mfuko. Anakuja kila mechi, kila mechi anaishia nje. Bomba limefunguka, watu wanamiminika, na yeye anapita kinyume, anamwuliza mmoja aliyevaa jezi yetu:

"Bro, ngapi ngapi?"

"Mbili bila, tumeshapigwa. Usipoteze muda wako."

"Zimebaki dakika ngapi?"

"Kumi hazifiki."

Chalii akanigeukia. "Mzee, nishikie ndoo."

Sikupata hata nafasi ya kukataa, ameshapotea ndani. Nikabaki mtu mzima na ndoo ya mayai mapajani. Wanaotoka wakaniona, wengine wakadhani nimebadili kazi. Niliuza mayai matatu, moja bila kachumbari kwa sababu sikuona mfuko uko wapi.

Mnakumbuka kilichotokea, hata mlioondoka mmesimuliwa. Kibao kilionyesha dakika tano za nyongeza. Ya nne kati ya hizo tukapata kona, tukafunga. Mimi nilisikia tu. Na ilikuwa sauti ya ajabu, nyembamba, haikuwa na besi, kwa sababu wenye vifua vizito walikuwa wameshafika sokoni Kilombero. Ilikuwa ni sauti ya watoto na ya watu wa fungulia mbwa. Kisha filimbi. Mbili kwa moja, tumefungwa, hiyo ndiyo iliyoandikwa.

Chalii akarudi anakimbia, jasho limemtoka. "Mzee umeona?" Sikuona. Basi akanionyesha pale getini kwa mikono na miguu: kona imepigwa hivi, kipa akaupiga ngumi, ukadondoka hapa, beki wetu wa kushoto, wa kushoto mzee, akaupiga kwa mguu wa kulia, ukagonga mwamba wa ndani. Aliigiza mpaka mwamba. Watu waliokuwa wanatoka wakasimama kumtazama. Nikampa hela ya mayai yake matatu, nikamwambia pole, tumefungwa. Akanishangaa.

"Tumefungwa saa ngapi?"

Na alikuwa na haki. Kwa mpira alioutazama yeye, sisi tumeshinda moja bila.

Nimelibeba neno lile wiki nzima. Niseme ukweli, nimejaribu kuligeuza liwe fundisho nimeshindwa, maana ukilivuta sana linakatika: mpira ni dakika zote, na mbili kwa moja ni kufungwa, pointi hatukupata. Ila linanionyesha kitu kimoja. Nyinyi na yule chalii mlikuwa na dakika kumi zilezile mkononi. Kwenu zilikuwa mkia wa mechi mbaya. Kwake zilikuwa mechi.

Halafu hizo dakika kumi wala si kumi. Wengi mnatoka kwa saa ya mkononi, mnahesabu tisini. Sheria namba 7 ya mpira inampa mwamuzi kufidia muda uliopotea, wa majeruhi, wa kubadilisha wachezaji, wa vipa wanaolala chini kama wagonjwa. Na ile namba kwenye kibao ni ya chini kabisa: mwamuzi anaweza kuongeza juu yake, kupunguza haruhusiwi. Kombe la Dunia la Qatar, mwaka 2022, Uingereza na Iran, kipindi cha kwanza peke yake ziliongezwa dakika 14 kwa sababu kipa wa Iran aliumia kichwani. Aliyetoka dakika ya 80 siku hizi anaweza kuwa ameacha robo ya kipindi.

Mifano mikubwa mnayo, sihitaji kwenda Ulaya. Oktoba 20, 2013, Simba walikwenda mapumziko wakiwa nyuma 3–0 mbele ya Yanga. Aliyetoka mapumziko alirudi nyumbani na tatu bila. Matokeo yakawa 3–3, na mpaka leo watu wa Yanga wanaizungumzia ile sare kama kipigo. Machi 16, 2019, Simba na AS Vita ya Kongo pale Taifa, moja moja, Simba wanahitaji kushinda ili waingie robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Clatous Chama akafunga dakika ya 90. Watani zangu wa Yanga mnavumilia, mnajua nasema kweli tupu. Lakini mifano hii siipendi sana, na nitawaambia kwa nini. Inamfanya mtu abaki kwa kubahatisha, kama mkeka. Siku muujiza usipotokea anajiona ameibiwa. Na timu yetu, tuambiane ukweli, miujiza yake ni michache.

Uwanja wetu umepewa jina la mshairi. Vijana wengi hawajui, wanadhani Sheikh Amri Abeid alikuwa mchezaji. Alikuwa mzaliwa wa Ujiji, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri katika serikali ya Mwalimu, akafariki mwaka 1964. Na alikuwa fundi wa mashairi aliyewafundisha wengine kanuni zake. Sasa wewe uliyesoma Kiswahili unajua ubeti wa tarbia: mwanzo, mloto, mleo, halafu kituo. Hebu nikusomee mishororo mitatu, uinuke, uvae kofia, useme inatosha nimeshaelewa. Ubeti huo umeusikia? Kituo kinaweza kuwa dhaifu, mshairi anaweza kuwa amechoka. Lakini kipo, na ndipo pumzi inaposhuka. Mechi ya Jumamosi kituo chake kilikuwa goli la mguu wa kulia la beki wa kushoto. Hakikubadilisha maana ya ubeti. Kiliufunga.

Niseme kidogo upande wa wachezaji, maana wapo hapa wawili wamejificha nyuma ya masufuria. Mwaka 2015 kocha Jürgen Klopp alikuwa mgeni Liverpool. Wakafungwa na Crystal Palace nyumbani, goli la pili likaingia dakika ya 82, akageuka akaona watu wanamwaga uwanja. Alisema alijihisi mpweke. Hilo watu hulikumbuka. Wanachosahau ni alichoongeza: kwamba ni juu yao, timu, kuhakikisha hakuna anayethubutu kutoka dakika moja kabla ya filimbi. Wiki chache baadaye wakasawazisha dakika za nyongeza na West Brom, akawashika wachezaji wake mikono wakaenda kuinamia jukwaa la mashabiki. Sare ya nyumbani na timu ya kawaida! Wapinzani walicheka. Lakini waliobaki walishukuriwa kwa kubaki. Sasa nyie wachezaji wetu, Jumamosi ile filimbi ilipolia mlikwenda wapi? Mlikimbilia vyumbani vichwa chini. Watoto wa fungulia mbwa walikuwa wameshuka mpaka kwenye uzio wanapiga makofi, hakuna aliyegeuka. Nililiona kupitia pengo langu.

Na kwa uongozi, mambo haya si ya upande mmoja. Februari 2016, Liverpool hiyohiyo, wenye timu walitangaza tiketi ya pauni 77. Mashabiki wakasubiri dakika ya 77 ya mechi na Sunderland, wakainuka kwa maelfu wakatoka, timu yao ikiwa inaongoza 2–0. Mpira ukaisha 2–2. Siku chache baadaye wenye timu wakaomba radhi na kuifuta bei ile. Kule kutoka kwao kulikuwa na maneno. Huwa nafikiri, kama watu wetu wangekuwa wanatoka kwa kupangana namna ile, tungejua wanataka nini. Wanatoka mmoja mmoja, kila mtu na lake, na sisi tunawajumlisha kwenye ajenda moja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nakuja.

Nilisema kufuli hapana. Ninachoomba ni geti la pili. Lile dogo la upande wa pili wa jukwaa halitumiki, limeegemezwa mabati. Lifunguliwe kuanzia dakika ya 75, wanaotoka watokee huko, wanaoingia wapite kwangu. Siku hizi wanapishana kwenye upana wa mlango mmoja, mmoja ana hasira na mwingine ana haraka, na siku moja ataanguka mtoto. Na hili tulizoee mapema. Kule Olmoti unajengwa uwanja wa viti kama 30,000 kwa ajili ya AFCON 2027, tutakayoandaa pamoja na Kenya na Uganda. Kama tunashindwa kupishanisha watu mia tatu kwenye geti la mzunguko, sijui tutawaonyesha nini wageni.

Fungulia mbwa yenyewe mtu asiiguse. Nasikia kuna mhasibu anasema tunapoteza mapato. Mapato gani, chalii wa mayai? Jumamosi wale ndio waliotushangilia. Tena ningependa mwenye jezi akikutana nao mlangoni asiwaambie wasipoteze muda. Awaambie ngapi ngapi, basi.

Yule mzee wa koti nimeshamtafutia kiti. Kipo kwenye kona karibu na geti, ngazi mbili tu kutoka chini, anaona goli moja lote na nusu ya jingine. Nafasi imebaki ya watu watatu au wanne. Mwenye goti bovu, mwenye mimba, mwenye mgongo, aje aniambie kabla ya Jumamosi, asisubiri nianze kuchana tiketi. Mpira ni saa kumi. Na muuza mayai akija, ndoo nitamshikia, lakini safari hii aniachie na kachumbari.